Kiganja Ndani ya Puti

"Nani ameshika ukuta wangu?"

Ghislaine aliuliza hivyo bila hasira, taa mkononi, na hakuna aliyemjibu. Shemeji yake Réal alikuwa juu ya ngazi akiziba vichwa vya skrubu darini, redio yake ikitangaza mechi ya hoki. Steeve, msimamizi wa ujenzi, alipita koridoni na simu sikioni, hakugeuza hata shingo. Swali likabaki hewani pamoja na vumbi jeupe. Baadaye sana Ghislaine angejiuliza kama siku ile kweli hakuna aliyejibu, au jibu lilitolewa na yeye ndiye aliyekosa kulisikia.

Kazi yao ilikuwa maungio. Wengine hupigilia bodi za jipsam, wakaacha ufa kila bodi inapokutana na mwenzake. Halafu huja wao wawili na ndoo za puti, ile lipu laini ya kuzibia nyufa, na utepe wa karatasi. Wanalaza utepe, wanafunika, wanangoja pakauke, wanafunika tena kwa upana zaidi, wanapiga msasa, mpaka ukuta wote uwe kitu kimoja na asijue mtu kwamba palikuwa na ufa. Kazi ikiwa nzuri haionekani. Na aliyeifanya naye haonekani, lakini hilo tuliache, maana nikilianza hatutafika kwenye chumba cha mwisho.

Puti haikaguliwi kwa taa ya dari. Unaizima hiyo, unachukua taa ya mkono, unaiweka ubavuni mwa ukuta karibu iuguse, mwanga utambae juu ya uso wake kama mjusi. Hapo kila uvimbe unatupa kivuli na kila shimo linajaa giza. Ghislaine alikuwa amefanya hivyo asubuhi ile, katika chumba cha mwisho cha koridoni, na akaona kiganja katikati ya puti aliyoipaka jana yake. Kilikuwa kidogo, cha mtoto aliyeanza shule juzijuzi, vidole vimetanuliwa.

Mwanzoni aliudhika tu. Kisha akaona kwamba kivuli kimelala upande usio wake. Mtu akishika puti mbichi, kiganja huingia ndani. Hiki kilikuwa kimetoka nje.

"Shemeji, shuka uone."

Réal alishuka, akatazama, akasafisha miwani, akatazama tena. "Bodi imevimba. Unyevu."

"Unyevu una vidole?"

"Huku kwetu baridi ya Januari ina kila kitu," alisema Réal, akapanda ngazi yake. Lakini redio aliizima.

Basi hapo ndipo fundi wa kazi nyingine angechukua kisu, akate bodi, atazame kuna nini nyuma. Fundi wa maungio hafanyi hivyo. Huyo amefundishwa tangu siku ya kwanza kwamba kinachojitokeza kinakwanguliwa, na kisichokubali kukwanguliwa kinafunikwa kwa upana zaidi. Ghislaine alikwangua, akapaka upya, akavuta pasi yake pana ya kulainishia puti toka juu hadi chini kwa mkono mmoja usiotetemeka, na akaondoka ameridhika.

Kesho yake kiganja kilikuwepo. Na chumba kilinuka sabuni ya kufulia, ile ya kipande, ya kahawia, pamoja na harufu ya shuka lililooshwa likakaa bila kukauka.

*

Chumba kile hakikuwa chumba tu kwake. Jengo lilikuwa la masista zamani, jiwe tupu, limesimama juu ya mto mkubwa pale Saint-Fabrice, mahali ambapo ng'ambo haionekani na watu huuita bahari. Masista walikuwa wameshakwisha, wenye pesa wamelinunua, na sasa lilikuwa linageuzwa makao ya wazee. Chumba cha mwisho kilikuwa kimeandikwa jina la Fernande, mama yake Ghislaine.

Fernande alikuwa anasahau. Alisahau supu ya dengu jikoni hadi sufuria likaungua, alisahau buti akatoka na soksi kwenye theluji. Kitu kimoja tu hakukisahau maishani: hakuvumilia mlango uliofungwa. Katika nyumba aliyowalelea wanawe, kabati hazikuwa na milango. Aliing'oa mwenyewe kwa bisibisi alipoolewa tu. Chooni waliingia kwa kuimba ili watu wajue kuna mtu. Ghislaine alikua akidhani kila nyumba iko hivyo, na alipogundua sivyo, alicheka. Hakuuliza. Mama alisema amelelewa "na masista, kwingine huko", na midomo yake ilipofika hapo ilijifunga kama mkoba.

Makao ya pili yaliyokuwa na nafasi yalikuwa mbali, upande mto unakotokea. Ghislaine alikwenda kuyaona. Wafanyakazi walikuwa wapole, sakafu ilimetameta, na kila mlango ulifunguka kwa namba ambazo wazee hawakupewa. Mzee mmoja alikuwa amesimama mbele ya mlango, akiusukuma taratibu, bila kelele, kama mtu aliyekuwa na siku nzima. Ghislaine alirudi nyumbani akiendesha gari huku akilia.

Mkaguzi alikuwa anakuja Ijumaa. Chumba kikipita, mama anahamia. Kisipopita, kitachelewa, na kikikamilika kinapewa anayefuata kwenye foleni ya wazee, na Fernande anapelekwa kule kwenye milango ya namba. Ndivyo Steeve alivyomweleza, akila mkate wake, tena kwa huruma. Huruma ya watu hawa ndiyo inayonichoma: inakuja daima na mabega yaliyoinuliwa.

*

"Nikuambie kitu," alisema Réal siku ya Jumatano, wakinywa kahawa ya chupa kwenye gari lake kwa sababu hakutaka tena kuinywa ndani. "Usinicheke."

"Nimewahi kuacha kukucheka tangu ulipomwoa dada yangu?"

"Mimi ndiye niliyesaidia kupigilia ile bodi. Nyuma yake kuna mlango."

Ghislaine alishusha kikombe.

"Kabati, sijui niiteje. Ndani ya jiwe. Mtu mzima haingii akiwa wima. Komeo liko kwa nje, shemeji, la chuma, nene kama dole gumba langu. Ndani hakuna rafu, hakuna msumari wa kutundika nguo. Nikajiuliza, kabati gani isiyo na rafu? Nikapitisha mkono upande wa ndani wa mlango." Alitazama kiganja chake. "Laini. Nimepiga msasa maisha yangu yote, sijawahi kugusa kitu laini vile. Huku chini tu, mpaka usawa wa kiuno changu. Juu yake ni ubao wa kawaida, unachoma."

"Na Steeve?"

"Nilimwita. Akasema funika."

"Na wewe?"

Réal alitaja tabernakulo, kikombe cha misa na sanduku la hostia, vyote kwa mfululizo, maana ndiyo matusi ya huko, kama afanyavyo akijikata kidole. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nikafunika."

Mchana ule aliondoka mapema akisema mgongo unamuuma. Mgongo wake ulikuwa mzima. Ghislaine hakumlaumu.

*

Alibaki peke yake. Huko Januari jua huzama watu wangali kazini, na madirisha yalikuwa yamefunikwa nailoni, kwa hiyo saa za kazi zilikuwa bado hazijaisha giza lilipokwisha kuingia chumbani. Alivaa barakoa, akawasha taa ya mkono, akaiegemeza ubavuni mwa ukuta, akachukua msasa.

Kiganja kilikuwa pale, na juu yake kidogo palikuwa na uvimbe mwingine, wa mviringo, kama paji la uso lililoegemezwa.

Aliweka msasa juu yake kwa upole, kama anavyofanya mtu anayempangusa mgonjwa, akaanza kuzungusha, na vumbi likaanza kushuka, na ile harufu ya sabuni ikapanda ikapenya barakoa ikamkaa ulimini, na msasa ulipofika kwenye vidole alihisi chini ya mkono wake, ndani ya ukuta, ndani ya puti iliyokauka ikawa ngumu kama mfupa, vile vidole vikikunjika, vikijivuta, jinsi kidole cha mtoto kinavyojivuta kikiguswa na kitu cha moto, na yeye mkono wake haukusimama, kwa maana mkono wa fundi hujua njia hata mwenyewe akiwa amepotea, ukaendelea kuzunguka, ukizungusha na kulainisha, mpaka nyuma ya ukuta, karibu kabisa na sikio lake, pakaanza mnong'ono usiokuwa wa kulia wala wa kuita, mnong'ono wa mtu anayesoma somo alilolikariri ili apite mtihani:

"Nimetulia. Nimekuwa mtoto mwema. Nimetulia. Nimekuwa mtoto mwema."

Msasa ulianguka. Ghislaine naye akakaa chini. Kilichomwogopesha zaidi ni kwamba sauti ile haikuwa na ubaya hata kidogo. Jini la kutisha angelikimbia. Hili lilikuwa linangoja kuambiwa limesema vizuri.

"Nani wewe?" alinong'ona.

Mnong'ono ukakatika. Kisha, kwa hofu kubwa, kwa adabu kubwa:

"Naweza kutoka sasa?"

*

Padri Déogratias, aliyeitwa na Ghislaine, alikuja Alhamisi mchana, amevaa makoti mawili. Alitoka Bukavu, alikuwa anahudumia parokia kadhaa za pwani ile ambazo makanisa yake yalikuwa makubwa na waumini wake wangeenea kwenye basi moja, na hakuna jambo la watu wale lililomshangaza tena. Réal, aliyekuwa amerudi kwa aibu, alisimama mlangoni kofia mkononi, na mbele ya padri vile vyombo vyote vya kanisa vilimkauka mdomoni.

Padri alisali. Alinyunyiza maji ya baraka pembe zote nne. Alipofika kwenye ukuta ule alisimama, akaweka sikio, akakaa hivyo muda mrefu, na alipogeuka uso wake ulikuwa umezeeka.

"Kwetu tungesema kuna mgeni ndani ya nyumba," alisema. "Hapa mmesema ni unyevu."

"Mfukuze, Padri," alisema Ghislaine. "Nakuomba. Mama yangu analala hapa wiki ijayo."

"Nimefundishwa kumwamuru mgeni atoke, mwanangu. Huyu si mgeni. Huyu ni mfungwa. Nikimwambia toka, yeye ataniambia fungua. Na atakuwa na haki."

"Basi tukate," alisema Réal. "Tukate sasa hivi, nina kisu."

Steeve alikuwa amesimama koridoni akisikiliza. Hakucheka, kwa hilo nampa sifa. "Padri, pamoja na heshima zote, huo ni ukuta wa kuzuia moto. Ukikatwa leo, mkaguzi kesho hataupitisha. Chumba kinaondoka kwa Mama Fernande, na si mimi ninayepanga." Akamgeukia Ghislaine. "Uamuzi wako, dada. Ukisema nikate, nakata."

Angalia walivyompa uamuzi. Waliojenga kabati ile hawakuulizwa. Waliotia komeo hawakuulizwa. Walionunua jengo, waliochora ramani, waliosema funika, wote wamepita salama. Sasa mtu wa mwisho kwenye mstari, mwanamke mwenye ndoo ya puti, anakabidhiwa kisu na kuambiwa achague ni nani afungiwe, mama yake au mtoto asiyemjua.

Ghislaine alitazama ukuta. Aliona kule mbali mlango wa namba, na mzee anayeusukuma bila kelele.

"Nitapaka mkono mwingine wa puti," alisema.

Padri hakumkemea. Alivaa makoti yake. Réal alitoka akaenda kukaa garini, na Ghislaine akachanganya puti nyepesi kama maziwa mazito, akaivuta ukutani toka pembe hadi pembe, chumba kizima, huku akisema chini chini, "Nisamehe, nisamehe, nisamehe," na nyuma ya kila mvuto wa pasi kulikuwa na kimya cha mtu aliyeambiwa angoje kidogo.

Ijumaa mkaguzi aliwasha taa yake, akaiweka ubavuni, akapiga mluzi. "Huu ukuta hauna kiungo," alisema. "Nani fundi?"

*

Fernande alihamia na kiti chake cha bembea, picha ya marehemu mumewe na chungu cha ua. Mlango wa chumba uliachwa wazi. Ghislaine mwenyewe alikuwa ameweka kabari chini yake. Mama aliingia, akazunguka, akasifu dirisha na mto uliojaa barafu. Kisha akafika kwenye ukuta ule mweupe, usio na kitu, na akasimama jinsi watoto wanavyosimama mbele ya mwalimu, visigino pamoja.

"Kitanda changu kilikuwa pale," alisema, akionyesha dirisha. "Chake kilikuwa hapa."

"Cha nani, mama?"

"Mmemfungia tena Colombe?"

Kwingine huko, mama alikuwa akisema. Kwingine huko, maisha yote, na kumbe ni hapahapa, ukumbi wa vitanda uliokatwa ukawa vyumba, na jina jipya juu ya mlango.

"Alilowesha shuka," alisema Fernande. Sauti yake haikuwa tena ya mzee. "Sista alisema atatoka akitulia. Tulimsikia wote, tumelala macho wazi. Alikuwa anasema, nimetulia. Hawakufungua. Halafu akatulia kweli." Alimshika mwanawe mkono. "Wewe una vifaa. Mfungulie, Ghislaine. Kuna baridi mle."

Ghislaine alishuka ofisini mbio. Mkurugenzi, Bi Chantal, alimpa kiti na leso za karatasi. Alimweleza kwamba wazee wengi huchanganyikiwa wakihama, ni kawaida, itapita. Kwamba kuharibu ukuta ni kuvunja mkataba, na mkataba ukivunjika mama atalazimika kwenda kwingine. Alisema yote hayo polepole, kwa upendo, akiwa amemshika bega.

"Nitakuja na kisu Jumapili," Ghislaine alimwambia mama sikioni aliporudi chumbani. "Wakiwa misani. Nitafungua, halafu liwe liwalo."

"Jumapili," alisema Fernande. Akauinamia ukuta. "Umesikia? Jumapili."

Jumamosi ilikuja dhoruba. Wanaoijua pwani ile wanajua ni dhoruba gani: theluji inayokwenda ubavu, barabara imefungwa, nguzo za umeme zimelala. Ghislaine alijaribu gari, likamezwa na mtaro kabla halijafika kanisani. Alijaribu miguu, Réal akamrudisha kwa nguvu. Alipiga simu makaoni mpaka laini ikafa. Jumapili ilipita akiwa dirishani, kisu cha kukatia bodi mezani mbele yake, naye hana la kufanya ila kukitazama.

Barabara ilipofunguliwa walimwambia mama amefariki usingizini, kwa amani. Kitanda chake kilikuwa kimesogezwa hadi ukutani. Hakuna aliyejua kizee kile kilipata wapi nguvu. Mlango wa chumba, ambao hakuna aliyeondoa kabari yake, ulikutwa umefungwa. Na mkono wake wa kulia ulikuwa mweupe mpaka kwenye kifundo, vumbi la jipsam limejaa chini ya kucha. Ukuta wenyewe ulikuwa mzima, rangi haina hata mkwaruzo.

Ghislaine aliomba aachwe peke yake. Alizima taa ya dari, akatoa taa ya mkono kwenye begi, akaiweka ubavuni.

Kile kiganja kidogo kilikuwa pale pale. Kando yake, kimekishika, kilikuwepo kingine, kikubwa, chenye kidole cha pete kilichopinda tangu siku Fernande alipokibana na mlango wa gari. Vyote viwili vilikuwa vimetoka nje. Aliweka sikio. Walikuwa wawili sasa, wanasema pamoja somo lile lile, kwa adabu, bila kupishana hata neno.

Alikuwa ameshachomeka ncha ya kisu kwenye bodi walipomkamata. Hawakumtendea vibaya. Walimnyang'anya ufunguo wake wa jengo, wakamwitia teksi, na barua ikaja kumkataza kufika pale.

Chumba kimekwisha kupata mtu mwingine. Analalamika kwamba kuna uvimbe ukutani, na kwamba usiku kunanuka sabuni. Bi Chantal anatafuta fundi wa kuja kulainisha. Réal amekataa, na wengine wa pwani ile wakisikia ni chumba gani wanakumbuka kwamba wana kazi nyingi. Basi atatafutwa wa mbali, asiyejua lolote. Ikiwa ndiwe utakayeitwa, tafadhali, msasa uache garini. Njoo na kisu, uwafungulie.